Walipopigia Kura Shamba Langu

Alhamisi. Upande wa Soy, nje ya Eldoret.

Asubuhi ukungu, mchana jua, na sasa jioni mawingu yamesimama juu ya miti ya miwati kama wageni wenye shida ambao hawajui waanzie wapi kusema. Mvua haijanyesha. Roho yangu ni mbaya leo na sitaificha.

Mimi si mtu wa kalamu. Wamisheni walinifundisha kusoma ili nibatizwe. Kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama mikono yao. Anayetaka Kiswahili kilichonyooka aende akakitafute Mombasa. Hiki changu ni cha shambani na kinatosha kusema kilichotokea.

Kilichotokea ni kwamba juzi, Jumanne, watu wa kambi yetu walipigia kura shamba langu. Na wakalitoa.

Kaburi la mume wangu limo ndani yake.

Nitaanza mwanzo, maana nikianza na hasira penseli itaisha kabla sijafika popote.

Sisi hapa ni skwota kwenye shamba la Mzungu. Mwanamume akipata kazi kwa bwana anapewa mahali pa kujenga kambini na kishamba chake cha kulima. Vishamba vyetu vyote vimepangwa bega kwa bega, vinaanzia juu kwenye miwati ya bwana na kushuka mpaka kwenye kijito. Watu ni wa kila aina. Wengi tulitoka magharibi, Wamaragoli, Wanyore, Wabukusu. Wateso wako wachache. Mnandi ni mmoja tu, Arap Koros, mchungaji wa ng'ombe wa bwana, na yeye hachoki kutukumbusha kwamba nchi hii ilikuwa ya babu zake kabla haijawa ya bwana. Anasema kweli. Lakini ukweli huo haujawahi kumpa hata debe la mahindi.

Mume wangu Ezekieli ndiye aliyeongoza ng'ombe wa plau hapa, wakati trekta bado ilikuwa hadithi ya watu wanaotoka kituo cha gari moshi. Alipokufa, mvua ilikuwa imekata barabara. Hakuna lori lililokubali kumbeba mpaka Maragoli, na hata angefika, ndugu zake walikuwa wamekwisha kugawana sehemu yake. Bwana akasema tumzike kishambani. Tukamzika chini, karibu na kijito, mahali alipopenda kukaa akinoa jembe. Msalaba niliuondoa mwenyewe kwa sababu ng'ombe wa Arap Koros walikuwa wakija kujikuna nao. Mungu anajua aliko.

Tangu hapo nalima pale. Bwana aliniachia kwa kuwa niliwazalisha wanawake wa kambi nzima, na wanawake wasipokufa, waume zao wanaamka kwenda kazini. Usidhani ni huruma.

Sasa, baraza letu.

Watu wa kabila nyingi wakiishi pamoja, desturi ya nani itawatawala? Arap Koros anasema kwao majirani wenye umri ndio hukaa na kuamua. Wamaragoli wanataka mzee wa mlango wao. Wateso wana yao. Tulipigana miaka ya kwanza, tena kwa rungu. Mwishowe tukatengeneza yetu. Jumamosi mchana, baada ya posho, tunakaa uani nyuma ya stoo. Kila mwenye neno analisema. Anayekupinga anakupinga usoni, na unamjibu. Hatuhesabu watu. Tunazungumza mpaka mambo yalainike, halafu yule ambaye jambo linamuuma anaitwa mbele na kuulizwa, "Umeridhika?" Akisema hapana, tunaanza upya.

Wanawake tunakaa nyuma, juu ya magunia. Lakini jambo likiwa lako unaitwa mbele hata kama wewe ni mwanamke, na hakuna anayeondoka kabla hujajibu.

Sisemi lilikuwa jambo zuri sana. Nimeona kesi ya mbuzi mmoja ikianza wakati wa palizi na kumalizika wakati wa kuvuna. Kuna wengine waliridhika kwa njaa tu, na wengine kwa kuwa wake zao waliwapigia kelele warudi nyumbani. Ulikuwa upuuzi mwingi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutoka pale akiwa amenyang'anywa na wenzake huku hajui ni nani.

Baada ya palizi ya mwaka huu bwana alimtuma nyapara. Anataka kushusha miwati yake kuelekea kijito, anataka ardhi ya ukubwa wa kishamba kimoja, na tuchague wenyewe itoke wapi. Tukakaa. Jumamosi ya kwanza watu walitukanana, kama kawaida. Ya pili tukaanza kuona njia. Kila kishamba kikatwe kidogo kule juu, kwenye miwati, ukanda mwembamba tu, na ikijumlishwa yote bwana atapata chake. Hakuna atakayefurahi. Hakuna atakayelala njaa. Na Ezekieli wangu yuko chini, hataguswa.

Aliyebaki kukataa ni Obadia, mtoto wa dada ya mume wangu, kwa sababu ana migomba kule juu. Anaipenda ile migomba kuliko alivyompenda mama yake. Lakini nilimwona macho yake. Jumamosi moja tu zaidi na angechoka.

Ndipo akaja mgeni.

Ni kijana wa Kizungu, mwekundu, shingo imeungua jua, amefikia kwa bwana. Nyapara alituambia ametoka chuo kikubwa ng'ambo, na kazi yake ni kuzunguka nchi hii na nyingine akiangalia jinsi watu wanavyotawalana. Anawauliza Makaburu wa hapa wanavyochagua mwenyekiti wa chama chao, anawauliza Wanandi, anawauliza Wahindi wa madukani, halafu anaweka majibu pamoja aone yanafanana wapi na yanapishana wapi. Kambi ikampa jina, Bwana Maswali.

Alikuja mpaka kwangu. Nilikuwa napukuchua mahindi. Nikampa kigoda, akakaa vibaya.

Aliniuliza, "Mama, watu wasipokubaliana, mnafanya nini?"

"Tunakaa."

"Na wakiendelea kutokubaliana?"

"Tunakaa zaidi."

Akaandika. Nikamwuliza kama kwao watu hawajui kutawalana mpaka aje kusoma huku. Akacheka, akasema kwao wanajua kidogo tu. Nikampa mahindi ya kuchoma. Sina ubaya na kijana yule. Alisema wazi, mbele ya watu, kwamba hataki tubadilishe kitu, anataka kutuona tukikaa kama tunavyokaa siku zote. Bwana akatupa ruhusa ya kukaa Jumanne mchana kwa sababu mgeni alikuwa na gari moshi la kupanda kabla ya Jumamosi.

Aliyeharibu ni wetu.

Zakaria ni mwalimu wa shule ya shamba na karani wa bwana. Mimi ndiye niliyemtoa tumboni mwa mama yake, miguu mbele, na nikampiga mgongoni mpaka akalia. Ningejua ningempiga polepole. Amesoma mpaka juu, ana suruali ya kunyoosha kwa pasi, na mwaka huu ana kiburi kipya. Tunaambiwa Waafrika nao watapiga kura kuchagua mtu wa kwenda baraza kubwa Nairobi. Si wote. Aliyesoma ya kutosha, au mwenye mali, au aliyetumikia muda mrefu. Na mwenye vyote hivyo ana kura zaidi ya moja, ati kichwa chake kimoja kinahesabika kama viwili au vitatu. Zakaria ameambiwa yumo. Tangu aambiwe anatembea kama aliyebeba mayai.

Jumanne kabla ya baraza alizunguka nyumba kwa nyumba. Kwangu alifika mwisho, hiyo peke yake ingenifungua macho.

"Mama," akasema, "leo tutapiga kura kama watu wa kisasa."

"Kura ya nini? Jambo limekaribia kuisha."

"Huko Nairobi kuna Wazungu wanasema Mwafrika hajui kura, ati akipewa ataivuruga. Huyu mgeni ataandika kitabu. Atatuweka kwenye mizani na watu wa Goldkosti, Waafrika wenzetu ambao wameshapewa kura. Tukikaa pale nyuma ya stoo tukipayuka mpaka jua lizame, ataandika nini?"

"Kwani watu wa Goldkosti wanalima kando ya kijito hiki?"

"Mama, huelewi."

Neno hilo nimelisikia kwa wengi, na kila aliyeniambia alikuwa na jambo la kunificha.

Tukafika uani. Nikakuta blanketi limetundikwa kwenye kamba, na nyuma yake mikebe miwili ya mafuta ya kupikia. Zakaria akasimama, akaeleza. Kila mtu atapewa punje moja ya mahindi. Ataingia nyuma ya blanketi peke yake. Anayetaka vishamba vyote vikatwe kidogo, atie punje yake kwenye mkebe wa kushoto. Anayetaka kitolewe kishamba kimoja kizima, atie wa kulia.

"Kishamba kipi kizima?" nikauliza kutoka kwenye magunia.

Watu wakatazama chini. Ndipo nikajua tayari walikwisha kuzungumza bila mimi.

"Kisicho na mwenye kazi, Mama," Zakaria akasema, kwa sauti ile anayosomea watoto. "Hicho ndicho rahisi. Wewe hutakosa chakula, tutakupa kila mmoja debe wakati wa mavuno."

"Na Ezekieli mtampa nini?"

Zakaria akaanza kugawa punje. Nikasema nipewe punje na mimi. Akasema kura ni ya wenye kipande cha kazi, ile karatasi ya kuajiriwa na bwana, ndiyo sheria, hata Nairobi wana masharti yao.

Nitaliandika hili vizuri ili nisije nikalisahau. Katika baraza letu la zamani sikuwa na kura kwa sababu hapakuwa na kura. Nilikuwa na mdomo. Siku walipoleta kura, nikakosa vyote viwili.

Wakaingia mmoja mmoja. Nilikuwa nikitazama miguu yao chini ya blanketi. Wengine walifika, wakatupa, wakatoka haraka kama mtu anayetoka chooni. Obadia alikaa kidogo. Arap Koros aliingia na fimbo yake, akatoka na fimbo yake, uso hauna kitu. Punje zikilia ndani ya mkebe zote zinalia namna moja.

Zakaria akaimwaga mikebe juu ya gunia mbele ya watu. Wa kushoto, zile punje ningeweza kuzifumba kwenye ngumi moja na bado nikashika sindano. Wa kulia ulimwagika.

Watu wakapiga makofi. Sijui walikuwa wanampigia nani. Nafikiri walikuwa wanajipigia wenyewe, kwa sababu jambo lililotuchosha Jumamosi mbili lilikuwa limeisha kabla chai haijapoa, na hakuna aliyelazimika kuniambia kitu machoni.

Bwana Maswali hakupiga makofi. Alikuja pale nilipokaa, akachuchumaa.

"Mama, ninyi hufanya hivi siku zote?"

Zakaria akajibu kabla yangu. "Siku zote, bwana."

Kijana akanitazama mimi. Na mimi nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu Zakaria ni mtoto wa kambi hii na yule ni mgeni, na mtu hamvui nguo mtoto wake mbele ya mgeni. Basi mahali fulani ng'ambo itaandikwa kwamba skwota wa Soy huamua mambo yao kwa punje na blanketi tangu zamani, na watu wenye miwani watalinganisha uongo huo na wa Goldkosti.

Waulinganishe. Mimi nina kaburi.

Jana, Jumatano, ilikuwa siku ya kunichekesha kama ningekuwa na meno ya kucheka. Walikuja. Wa kwanza alikuja kuomba moto, akasema, "Mama, mimi nilikuwa wako." Wa pili alileta kuni, akasema, "Mama, Mungu ni shahidi, yangu niliiweka kushoto." Obadia alimtuma mkewe na mkungu wa ndizi, na mkewe akasema Obadia hakulala. Mwingine alinikuta kisimani na kuanza kulia machozi ya kweli. Nikawasikiliza wote. Nikawaambia asanteni.

Kama wote waliokuja ni wakweli, basi mimi nilishinda, na mkebe ule wa kulia ulijazwa na panya.

Hili ndilo linalonila. Zamani Obadia alinikataa mbele ya watu, nikamwita mlafi wa ndizi, akaniita bibi mwenye ulimi wa msumeno, na jioni alipita akasema hodi na nikampa uji. Ugomvi ulikuwa na uso. Sasa mkungu wa ndizi uko pale kona, umeanza kuiva, na siwezi kuugusa. Huenda ni wa mtu aliyenitetea. Huenda ni wa mtu aliyemtoa mjomba wake kaburini. Sitajua mpaka nife.

Leo asubuhi nyapara alikuja na vijana wawili wakapiga vigingi. Kimoja walikipiga karibu sana na Ezekieli. Nikamwambia nyapara akisogeze. Akasema mpaka ni mpaka. Nikakaa juu ya kaburi nikamtazama mpaka akakisogeza hatua moja. Haina maana yoyote, miche ya miwati itapandwa pande zote. Lakini alikisogeza.

Halafu akasema neno ambalo lilitoka kwa bwana. Bwana amefurahi sana. Alidhani jambo hili litaleta makelele kambini, na tazama, limekwisha kimya kimya kwa mchana mmoja, tena na mgeni amelisifu mezani. Kwa hiyo baada ya mavuno atahitaji kishamba kingine upande wa pili. Tuchague kwa njia ile ile.

Nilirudi nyumbani nikapika ugali na nikaula wote. Nakiri. Kilikuwa chakula cha kwanza kuwa na ladha tangu Jumanne.

Kabla jua halijazama, Arap Koros akaja. Alibisha, nikamkaribisha, akakaa kwenye kigoda kile kile cha Bwana Maswali. Nikamwekea chai. Hakuigusa.

"Mama, umesikia maneno ya nyapara?"

"Nimesikia."

"Bwana anataka ingine."

"Anataka. Si mmemwonyesha mlango."

Akazungusha kofia yake kwenye goti. Huyu mzee ana maneno machache hata siku nzuri.

"Wewe ulikuwa mjane," akasema. "Hakuna mjane mwingine mwenye shamba. Sasa watatafuta nani? Wamaragoli watasimama na Mmaragoli. Wanyore na Mnyore. Hata Wateso wako na mtu yao. Mama, Mnandi ni mimi peke yangu."

Nikamwacha ayasikie maneno yake mwenyewe.

"Mzee," nikamwambia, "juzi punje yako uliiweka wapi?"

Akatazama ndani ya kofia kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Kura ni siri, Mama."

Nikacheka. Nilicheka mpaka kifua kikauma, na yeye akakaa tu akisubiri nimalize, na nilipomaliza akasema polepole, "Nilidhani ni moja tu. Nilidhani ikiisha kwako, imeisha."

Basi. Ni mtu mmoja katika kambi nzima aliyeniambia ukweli, na ukweli wenyewe ni huo.

Nikamwita mpumbavu. Nikamwambia mtu anayechunga ng'ombe maisha yake yote anapaswa kujua kwamba fisi akipewa ndama mmoja hakai kuhesabu, anarudi. Nikamwambia babu zake wangemwonea aibu. Nikamwambia mengi ambayo sitayaandika kwa sababu mimi ni Mkristo. Alipoona nimechoka akasema Jumamosi watu wachache watakaa nyuma ya stoo, bila mikebe, na jambo lile lianze upya, shamba langu na hilo lingine kwa pamoja. Miche bado haijaletwa kutoka stesheni. Lakini bila mimi halitaanza, maana mimi ndiye ambaye sikuulizwa kama nimeridhika.

"Mimi sina kipande cha kazi," nikamwambia. "Kamwulize Zakaria."

"Zakaria nitamwuliza mimi," akasema. Akainuka. Chai ikabaki.

Sasa amekwenda na mimi niko hapa na penseli.

Niandike ukweli wangu pia. Nusu ya moyo wangu inasema waache. Waache wahesabiane. Baada ya mavuno wamtoe Mnandi, mwaka ujao wawatoe Wateso, halafu Wanyore, halafu Wamaragoli waliobaki waanze kutafutana ukoo kwa ukoo, na kila mara wapige makofi na kusema ni halali, wengi wamesema. Ningependa kuona uso wa Obadia siku punje zitakapofika kwenye migomba. Ningekaa kando na kunywa chai yangu. Nusu hiyo ya moyo ina raha, na siionei aibu sana.

Nusu ya pili iko kule chini, karibu na kijito, imezungukwa na vigingi.

Kwa hiyo Jumamosi nitakwenda. Sitakwenda kuwasamehe, wasije wakajidanganya. Nitakaa katikati ya uwanja, si nyuma, na nitamwita kila mmoja kwa jina la baba yake na kumwambia asimame alete neno lake la kunikataa nilione. Anayetaka Ezekieli alale chini ya miwati ya mtu mwingine aseme kwa mdomo wake. Na Zakaria awepo. Yeye nitamweka mwisho.

Nafikiri tutashinda. Watu wakilazimika kusema jambo baya kwa sauti, wengi hawaliwezi. Vigingi vitang'olewa, kila kishamba kitakatwa kidogo kule juu, na bwana atapata miwati yake.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Hata shamba likirudi, watu hawa ndio watakaokuja kunisaidia kuvuna. Watakuja wote, kama kila mwaka, na mimi nitawapikia. Nitapita na sufuria nikiwapakulia mmoja baada ya mwingine, na wengi kati yao walimtoa mume wangu na wakanilia machozi kesho yake.

Nitampakulia nani kwa moyo mmoja?